Mwana Mpotevu Mjini Lubumbashi: Huruma na Hadhari katika Usomaji wa Mifano ya Kikristo

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa hadithi za Kikristo zilizokita mizizi katika Kiswahili, mfano wa mwana mpotevu, unaopatikana katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, una nafasi ya pekee. Husimuliwa mimbarini, huigizwa na vikundi vya vijana, na hutajwa kila watumishi wa kanisa wanapokwenda magerezani au mitaani kuwatafuta waliotengwa. Kwa kuwa unajulikana mno, umefikia hatua ya kutosomwa tena. Msikilizaji anapoambiwa kwamba kijana alidai urithi wake, yeye tayari amekwisha kufika kwenye karamu.

Makala haya yanausoma upya mfano huo kama kazi ya fasihi, pamoja na maandiko mawili yaliyo jirani nao kimaudhui, yaani habari za Zakayo na waraka wa Paulo kwa Filemoni. Usomaji huo unawekwa katika mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Mahali pa kuanzia ni Karavia, eneo ambalo jina lake limefungamana na hoteli kubwa iliyo kando ya ziwa na uwanja wa gofu. Uchaguzi huo una sababu. Anayeusikia mfano akiwa Karavia haketi mahali pa mwana mdogo. Yeye yuko mahali pa ndugu mkubwa: amebaki nyumbani, mali yake haijaguswa, na ngoma anaisikia kwa mbali. Swali la mfano linamhusu yeye kwanza. Je, mlango ufunguliwe kwa kiasi gani, kwa nani, na kwa ulinzi wa nani?

Kwa kawaida swali hilo huwekwa kama mizani yenye sahani mbili, huruma upande huu na hadhari upande ule, na kila kinachoongezwa huku hupunguzwa kule. Hoja ya makala haya ni kwamba mizani hiyo haitoki katika maandiko yenyewe. Katika maandiko yanayojadiliwa, hadhari ni kazi mojawapo ya huruma, na pale inapokosekana, huruma nayo huwa imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine.

2.0 Jina la Mfano na Utata Wake

Jina lenyewe linastahili kuchunguzwa kabla ya hadithi. Neno mpotevu linabeba maana zisizolingana. Linaweza kumtaja aliyepotea njia, ambaye kwa hiyo anahitaji kutafutwa. Linaweza pia kumtaja mbadhirifu, mwenye kupoteza mali, au mtu wa tabia mbaya, ambaye kwa hiyo anahitaji kuzuiwa. Kiswahili kimeziweka huruma na hadhari ndani ya neno moja, na mhubiri huchagua maana moja bila kutambua kwamba amechagua.

Utata huu unapata uzito zaidi sura ya 15 inaposomwa kwa ukamilifu. Mwana mpotevu ni hadithi ya tatu katika mfululizo. Kwanza kuna kondoo aliyepotea, kisha sarafu iliyopotea, ndipo anapokuja mwana. Mfululizo huu kwa kawaida huhubiriwa kana kwamba unasema jambo lilelile mara tatu. Muundo wake unaonyesha vinginevyo. Kondoo hupotea kwa ujinga wake. Sarafu hupotea kwa uzembe wa mwingine, maana sarafu haina miguu. Mwana hupotea kwa hiari yake, akiwa na mali mkononi. Namna za kutafuta nazo zinatofautiana. Mchungaji hutoka kwenda nyikani. Mwanamke huwasha taa na kuifagia nyumba yake mwenyewe. Baba hatoki kwenda nchi ya mbali, bali hubaki nyumbani hadi mwanawe anapozingatia hali yake na kushika njia ya kurudi, ndipo anapomkimbilia.

Kwa hiyo sura hii haifundishi namna moja ya kuwaendea waliopotea. Inamtaka msomaji apambanue kwanza ni nani aliyepotea na kwa njia gani, kisha ndipo achague mwendo. Kumkimbilia sarafu kwa mahubiri ya toba ni kosa, sawa na kumfagilia nyumba mwana ambaye bado yuko nchi ya mbali anatumia. Kupambanua huko ndiyo hatua ya kwanza ya hadhari, na kunatangulia karamu.

3.0 Kinachotolewa na Kisichotolewa

Katika kilele cha mfano, baba anatoa vazi, pete, viatu na ndama aliyenona. Wahubiri wengi hukomea hapo na kutangaza kwamba kila kitu kimerudishwa kama kilivyokuwa. Msimulizi, hata hivyo, ameweka jambo mwishoni linalopingana na tangazo hilo. Ndugu mkubwa anapogoma kuingia, baba anamhakikishia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Kauli hiyo ina maana ya kisheria ndani ya hadithi, kwa kuwa urithi ulikwisha kugawanywa mwanzoni. Fungu la mdogo limekwisha kuliwa. Karamu haliumbi upya, wala haimnyang'anyi mkubwa fungu lake.

Yawezekana mtu akapinga kwa kutumia ile pete, kwa kuwa pete huweza kusomwa kama ishara ya mamlaka. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halibatilishi hoja. Pete inamrudishia kijana jina la mwana, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu kuliomba, kwani alikusudia kuomba kazi ya kibarua tu. Hadhi imerudi kamili, mali haikurudi. Baba amesamehe bila kujifanya kwamba hakuna kilichopotea. Hapa pana tofauti ambayo mijadala mingi ya kanisa huipita: kumrudishia mtu utu wake ni jambo moja, na kumrudishia dhamana ni jambo jingine. La kwanza halisubiri. La pili lina utaratibu wake.

Mfano huu pia una mpaka ambao mhakiki hana budi kuutaja. Ndani yake hakuna aliyeibiwa wala kupigwa. Mwana mdogo ametumia mali aliyopewa, na walioumia ni watu wa nyumba yake. Kwa hiyo mfano unatufundisha namna ya kumpokea aliyejiharibu, lakini hausemi lolote kuhusu namna ya kumpokea aliyewaharibu wengine. Anayeutumia kwa mwizi, mbakaji au mpiganaji anaunyoosha kupita kimo chake.

Mahali pa kutafuta kilichopungua ni katika habari za Zakayo, sura ya 19 ya Injili hiyohiyo. Yesu anaingia nyumbani mwa mtoza ushuru huyo kabla hajalipa chochote, na watu wananung'unika. Huruma imetangulia. Lakini mara tu inapofika mezani, Zakayo anazungumza habari za waliodhulumiwa, na anataja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na malipo mara nne kwa kila aliyepunjwa. Mdhulumiwa ameingia katika hadithi kupitia kinywa cha mdhalimu.

Waraka kwa Filemoni unakwenda mbele zaidi. Onesimo, ambaye jina lake lina maana ya mwenye kufaa, hakumfaa bwana wake, na Paulo analichezea jina hilo kwa ustadi. Paulo hasemi kwamba hakuna deni. Anaomba deni, kama lipo, liandikwe kwa jina lake yeye, na anathibitisha kwa mkono wake. Katika fani ya waraka, huo ni mgeuko mkubwa: mwombezi anageuka mdhamini. Kweli, msomaji wa leo hawezi kuupita bila kuuliza kwa nini mtumwa arudishwe kwa bwana, na swali hilo linabaki wazi. Hata hivyo, waraka unaweka sharti zito kwa kila anayehubiri msamaha wa mkosaji: awe tayari kutaja deni, na awe tayari kubeba sehemu yake.

4.0 Hadhari Isiyo na Huruma: Mfano wa Rosa Mistika

Fasihi ya Kiswahili yenyewe imeonyesha upande wa pili. Katika riwaya ya Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi anamchora Zakaria, baba anayemlinda bintiye kwa ukali na kumtenga kabisa na wanaume. Ulinzi huo haumfunzi Rosa kupambanua. Anapotoka nje ya uangalizi wa baba, anaingia katika maisha ya uasherati, na mwisho wake ni kujiua baada ya mchumba kumkataa. Riwaya hiyo, iliyowahi kuzuiwa kutumika mashuleni, ilizuiwa kwa hadhari ya aina ileile iliyokuwa inaikosoa.

Tukiilinganisha na mfano wa Luka, Zakaria ni kinyume cha yule baba. Baba wa Luka anamwacha mwana aende na anaacha njia ya kurudi wazi. Zakaria anafunga njia ya kwenda, na kwa kufanya hivyo anafunga hata ya kurudi. Wahenga walionya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kezilahabi ameonyesha kwamba hata asiyechelea kilio cha mwana aweza kulia.

5.0 Mji kama Msomaji

5.1 Baba aliyeondoka

Lubumbashi ina sababu ya kihistoria ya kuusoma mfano huu kwa namna yake. Kwa miongo mingi mji uliishi chini ya kampuni: kwanza Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, kisha Gécamines iliyoirithi baada ya utaifishaji wa mwaka 1967. Kampuni ilitoa nyumba, chakula, hospitali na shule, na wafanyakazi waliiita baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu kinachowataja watu hao kama Bana Shaba, wana wa shaba, walioachwa na baba yao. Katika miaka ya 1990 uzalishaji uliporomoka, na kati ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa hiari.

Kwa msikilizaji wa namna hii, mfano umepinduliwa. Hapa aliyeondoka na urithi ni baba. Mwana alibaki nyumbani, na nyumba ikamwangukia. Mhubiri anayemwita mtoto wa barabarani mwana mpotevu, bila kutaja kwamba hakuna nyumba ya kurudi, anamtoza toba kwa safari ambayo hakuifanya. Katika mfululizo wa Luka, mtoto huyo ni sarafu. Kinachohitajika kwanza ni taa na ufagio, tena ndani ya nyumba ya wakubwa.

Lugha nayo inashuhudia umbali huo. Mahubiri hutolewa katika Kiswahili kinachoelekea kile kiitwacho Kiswahili bora, ilhali mitaani wanasema batoto na zambi, si watoto na dhambi. Tofauti ni ndogo kwa mwanaisimu, lakini si ndogo kwa kijana anayepimwa kwa ulimi wake kabla hajapimwa kwa matendo yake.

5.2 Nyumba za Bakanja

Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville mwaka 1911, wameendesha mjini Lubumbashi nyumba kadhaa za watoto wa barabarani, zikiwemo Bakanja-Ville na Bakanja-Centre. Jina hilo ni la Isidore Bakanja, kijana Mkongo aliyepigwa na msimamizi Mzungu wa shamba kwa sababu ya skapulari aliyoivaa, akafa mwaka 1909, na kutangazwa mwenye heri mwaka 1994. Inasimuliwa kwamba alimsamehe aliyempiga. Nyumba za wanaohofiwa kuwa wakosaji zimepewa jina la mtu aliyekosewa. Uchaguzi huo wa jina, iwe ulikusudiwa au la, ni usomaji sahihi wa Injili kuliko mahubiri mengi: aliyetendewa uovu amewekwa mlangoni.

La kuzingatia zaidi ni nadharia ya malezi inayoongoza kazi hiyo. Mwaka 1877 Giovanni Bosco aliandika kuhusu utaratibu alioutofautisha na ule wa kukomoa. Katika utaratibu wa kukomoa, mkubwa hutangaza sheria, hukaa mbali, kisha hutokea na adhabu. Katika utaratibu wa kuzuia, mlezi hukaa kati ya vijana muda wote, hata kosa likakosa nafasi. Huku nako ni kuwa na hadhari, lakini hadhari inayofanya kazi kwa kukaa karibu. Anayemhofia kijana na kumkimbia amechagua usalama wake mwenyewe. Anayemhofia na kuketi naye amechagua usalama wa wote wawili.

Hata hivyo, nadharia hiyo ilikuwa na pengo, nalo lilikuwa katika kanisa zima duniani. Hadhari ilimlenga kijana. Mlezi alidhaniwa kuwa salama kwa sababu ya kanzu yake. Kashfa za unyanyasaji wa watoto katika nchi nyingi zilionyesha gharama ya dhana hiyo, na mwezi Mei 2019 Papa Fransisko alitoa amri iliyozitaka dayosisi zote ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Paulo alikuwa ameliona hilo mapema: katika waraka kwa Wagalatia anawaagiza wamrejeze aliyeanguka kwa upole, na papo hapo anamwonya mrejezaji ajiangalie mwenyewe. Hadhari ya maandiko inamkagua anayesaidia pamoja na anayesaidiwa.

5.3 Waliotengwa kwa jina la Mungu

Kuna pia watoto wanaotengwa na watu wa dini wenyewe. Nchini Kongo, baadhi ya wachungaji wa makanisa ya uamsho wamewatangaza watoto kuwa wachawi, na familia zikawafukuza. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza tuhuma hizo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaziadhibu. Katika jambo hili hadhari imenyakua maneno yote ya huruma: mtoto anafungishwa njaa ili aokolewe, anatengwa ili aponywe. Sarafu imeshtakiwa kwa kujipoteza. Usomaji makini wa Luka ungetosha kumnyima mshtaki andiko la kusimamia.

5.4 Karamu bila kurudi

Mfano wa mwisho ni wa dola, si wa kanisa, lakini ulitumia ishara zilezile. Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Mai-Mai, alihukumiwa kifo mjini Kipushi mwezi Machi 2009 kwa makosa yaliyojumuisha uhalifu dhidi ya binadamu. Alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, lilipovamiwa Septemba 2011. Alipojitokeza Oktoba 2016, maofisa wa serikali walimpokea hadharani kwa sherehe. Machi 2020 alitoroka tena, safari hii kutoka Lubumbashi.

Katika mapokezi yale vazi lilikuwepo, na ngoma zilikuwepo. Hapakuwa na kauli ya Zakayo, wala mdhamini wa deni kama Paulo. Vijiji vilivyochomwa havikuwa na kiti karamuni. Kuiita sherehe hiyo huruma ni kuharibu lugha, maana aliyehurumiwa alikuwa ni mwenye nguvu, na aliyelipa gharama hakuulizwa.

Gereza hilohilo la Kasapa lilitoa funzo jingine. Mwishoni mwa Septemba 2020 wafungwa waliasi, na kwa takribani siku tatu wanawake waliofungwa humo walibakwa na wafungwa wanaume bila kuokolewa. Anayekwenda Kasapa kuwatembelea wafungwa, kwa kutii agizo la sura ya 25 ya Mathayo, anakuta humo wakosaji na waliokosewa chini ya paa moja. Akiwaendea wote kwa mfano wa mwana mpotevu peke yake, atamtaka mbakwaji aingie karamuni pamoja na mbakaji. Hapo ndipo hadhari inapokuwa wajibu wa huruma kwa yule aliye dhaifu zaidi.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba maandiko ya Kikristo kuhusu wakosaji na waliotengwa yana ufundi wa kupambanua ambao mahubiri ya kawaida huufuta. Luka anatofautisha waliopotea. Anatofautisha utu na mali. Na katika Zakayo anamrudisha aliyedhulumiwa mahali pake. Waraka kwa Filemoni unamtaka mwombezi awe mdhamini. Historia ya Lubumbashi nayo inamdai msomaji aulize ni nani hasa aliyeondoka nyumbani.

Mfano wa Luka hauna mwisho. Msimulizi hatuambii kama ndugu mkubwa aliingia. Baba ametoka nje kwa mara ya pili katika siku hiyo moja, na tunamwacha uani, akimsihi. Wahakiki wamezoea kumlaumu ndugu huyo, lakini ni yeye peke yake anayekumbuka hesabu, na baba hamkemei kwa kuikumbuka. Anachomnyima ni kitu kimoja tu, ruhusa ya kumwita mdogo wake mwana wa baba huyo badala ya ndugu yake. Msomaji wa Karavia anaruhusiwa kubaki na hesabu yake. Kinachosubiriwa ni aingie nayo ndani.